Barua kwa mwanangu: zirudishe dawa kwenye kopo lake

Mwanangu,

Mdogo wako ameniambia. Usimgombeze, nilimbana mimi mwenyewe. Anasema umenunua kopo la vitamini, ukamwaga vitamini zote, kisha ukahamishia humo dawa zako za VVU ili wenzako utakaokaa nao nyumba moja huko Uingereza wasijue unameza nini. Leo ni siku ya tatu nimekaa na habari hiyo. Kwenye simu nilishindwa kuisema maana ulikuwa na furaha ya viza, na ukicheka vile huwa sina moyo wa kukukatisha. Ndiyo maana naandika.

Zirudishe kwenye kopo lake.

Najua utasema baba ameanza. Sawa, nimeanza. Kopo lile lina jina lako, lina jina la dawa, lina tarehe ya kuharibika, na ndani yake kuna kile kifuko kidogo kinachonyonya unyevu. Nimelishika mara moja tu, siku uliyolisahau mezani, nikalisoma lote kabla sijalirudisha: tenofovir, lamivudine, dolutegravir, dawa tatu ndani ya kidonge kimoja. Afisa wa forodha akikuta vidonge 180 ndani ya kopo la vitamini, utamweleza nini? Kidonge chenye jina na barua ya daktari ni dawa ya mtu. Kisicho na jina huzaa maswali, na wewe ukiulizwa maswali hutokwa jasho hata kama huna kosa.

Lakini forodha ni jambo la siku moja. Mimi naogopa siku zinazofuata. Anayejificha leo asionekane akimeza, kesho atasubiri wenzake walale kwanza, na keshokutwa usingizi utamchukua yeye kabla yao.

Wiki iliyopita nilikaa na baba wa kijana mmoja, sitamtaja, aliyekwenda kufanya kazi nje akiwa na hali kama yako. Kijana yule aliziacha dawa nyumbani kabisa, chini ya godoro, kwa hofu ya kupekuliwa. Alisema atazipata hukohuko. Alipofika hakumuuliza mtu, kwa sababu kuuliza ni kujitaja. Ikapita miezi tisa. Alipoitwa kupimwa ili kibali chake kiongezwe muda, majibu yakatoka, akapandishwa ndege bila hata mshahara wa mwezi wa mwisho. Baba yake alikwenda kumpokea uwanjani, akampita. Hakumtambua mwanawe. Alinisimulia hayo akiwa ameshika tiketi ya basi, anaikunja na kuikunjua, anaikunja na kuikunjua, mpaka ikachanika.

Wewe hujaacha dawa, najua. Ila yule naye alianza kwa kuficha.

Nashukuru ulimkataa yule wakala. Sikukuambia wakati ule kwa sababu nilikuwa upande wake. Aliposema kazi ya Ghuba iko tayari na suala la damu linazungumzika, mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu mabati ya nyumba. Sasa mdogo wako amenisomea. Falme za Kiarabu, Kuwait, Qatar, Saudia, kote huko mfanyakazi mgeni hupimwa VVU kwa ajili ya kibali cha kuishi, hupimwa tena akishafika, na akikutwa navyo anarudishwa kwao. Cheti cha kununua kingekufikisha uwanja wa ndege tu. Mwaka 2019 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, ilihesabu nchi na maeneo kama 48 yenye vizuizi vya namna hiyo. Marekani yenyewe iliwafungia mlango wenye VVU kuanzia 1987 hadi Januari 2010, na China ikaufungua wa kwake mwaka huohuo. Na mwaka huohuo tena Shirika la Kazi Duniani likatoa pendekezo namba 200, kwamba mfanyakazi, hata mhamiaji, asilazimishwe kupimwa wala kutaja hali yake. Lakini pendekezo si sheria. Kwa hiyo hata ukiitiwa kazi nzuri kuliko hii katika nchi nyingine, uliza kwanza sheria ya pale, uliza ukiwa bado hujasaini. Ukipita tu Ghuba kubadili ndege hakuna anayekupima. Hilo nimeliuliza mara mbili.

Uingereza hawakudai kipimo cha VVU kwenye viza. Walitaka cha kifua kikuu, na ulipita. Sheria yao ya usawa ya 2010 inamlinda mwenye VVU tangu siku anayopata majibu, na tangu Oktoba 2012 matibabu ya VVU kule England hutolewa bure kwa kila mtu, hata mgeni. Kliniki zao za magonjwa ya zinaa unaingia mwenyewe, huhitaji kupelekwa na daktari mwingine. Kwa hiyo sioni sababu ya wewe kukaa na vidonge vyako vya miezi sita ukivihesabu kama mkimbizi. Nenda wiki ya kwanza. Usisubiri vibaki kumi. Barua ya kliniki yako ya hapa iandikwe majina ya dawa yenyewe, tarehe uliyoanza, na vipimo vyako vya mwisho. Kaa nayo kwenye begi la mkononi, dawa nazo begi la mkononi, si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Masanduku hupotea.

Ulinikasirisha, lazima niseme. Ulikaa na majibu yale miezi minane ukala nasi meza moja bila kutamka. Mdogo wako alijua, rafiki yako alijua, mimi nikawa wa mwisho, na nilijua kwa sababu nilikuuliza kwa nini kengele ya simu yako inalia kila siku saa tatu usiku. Nilisema nimesikitishwa na ugonjwa. Ukweli nilisikitishwa na ile miezi minane. Baadaye nikajiuliza ni kitu gani ulikiona kwangu hata ukaona heri unyamaze, na jibu halikuwa mbali.

Baba yako mdogo, yule wa picha ya ukutani, tulikuambia alikufa kwa kifua kikuu. Ni kweli, kifua kikuu kilikuwapo. Mwaka 1991 tulisikia pamoja redioni kwamba Magic Johnson, yule mcheza kikapu wa Marekani, ametangaza kuwa ana virusi, na mdogo wangu akasema, "Huyo kwisha." Magic yuko hai mpaka leo. Mdogo wangu hakuumaliza mwaka 1995. Mwaka uliofuata mchanganyiko wa dawa tatu ukaanza kuokoa watu katika nchi tajiri, na kwetu ukachelewa miaka mingi zaidi. Mwezi wake wa mwisho nilikuwa namwekea chakula mlangoni. Nagonga, naondoka. Hakuna aliyenifundisha vingine, lakini bibi yako naye hakufundishwa, na alikuwa akiingia.

Kwa hiyo ukinisikia narudia jambo moja, ujue naongea na watu wawili.

Nilikwenda kliniki yako. Usishtuke, sikukutaja jina. Nilisema nina mtoto anayesafiri. Mshauri nasaha alinikalisha karibu saa nzima. Alinieleza maana ya ile karatasi uliyonionyesha mwezi wa nne, iliyosema virusi havionekani. Nilidhani ni maneno ya kufariji. Kumbe ni kipimo. Alisema uchunguzi mkubwa uliofanywa Ulaya, matokeo yakatoka 2016 na mengine 2019, ulifuatilia mamia ya wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana. Pale ambapo mwenye navyo alikuwa kwenye dawa na virusi vimefubaa kabisa, hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Hata mmoja, mwanangu. Haya si mambo ya baba kumwambia binti yake, nayasema nikiwa nimeinamisha kichwa. Lakini utampata mtu huko, na nataka umpate ukiwa umesimama wima. Sharti ni moja tu, na unalijua, limo ndani ya kopo.

Alinieleza na mambo ya kazi yako. Tangu 2014 Uingereza inamruhusu mhudumu wa afya mwenye VVU kufanya hata kazi za chumba cha upasuaji, mradi yuko kwenye dawa, virusi viko chini ya 200 kwa mililita ya damu, na anapimwa mara kwa mara. Wewe utakuwa wodini, hawatakufikisha huko, lakini nilifurahi kujua kwamba mlango haukufungwa. Muuguzi. Nikikumbuka ulivyokuwa ukisomea ule mtihani wa Kiingereza jikoni taa imekatika, na mimi nakuambia ulale, nanyamaza mwenyewe. Ungenisikiliza usingefaulu.

Lile la vitamini nililiuliza pia. Akaniambia kumbe kuna hatari nyingine ambayo sikuifikiria. Mtu akianza kuigiza kwamba anameza vitamini, mwisho hununua vitamini za kweli ili maigizo yakamilike. Dolutegravir haipatani na baadhi ya madini. Kalsiamu na chuma ukivimeza pamoja nayo, sharti iwe pamoja na chakula. Na zile dawa za kiungulia zenye alumini au magnesiamu, kidonge chako kitangulie kwa muda wa saa mbili, au kisubiri mpaka zipite saa sita baada yake. Wewe una kiungulia tangu utoto na unatafuna vile vidonge vyeupe kama peremende. Mwambie daktari wa huko. Na akikuandikia dawa yoyote nyingine, ya sukari, ya kifafa, ya kifua kikuu, ajue kwanza unameza nini. Hutaweza kumwambia hivyo kama umezoea kuita dawa yako vitamini.

Sasa zamu za usiku. Saa tatu usiku utakuwa katikati ya kazi, huna pa kukaa, kengele inalia mfukoni mbele ya wagonjwa. Afadhali uchague saa nyingine ukiwa bado hapa, saa ambayo uwe zamu ya mchana au ya usiku unakuwa nyumbani, uizoee kabla ya safari. Ukisahau, meza pale unapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki chini ya saa nne kufikia kidonge kinachofuata. Wala usimeze viwili kwa mpigo kufidia. Wewe ni muuguzi, unayajua haya kuliko mimi, na bado nayaandika.

Wenzako wa nyumba si lazima wajue. Sikuambii utangaze. Kopo linaweza kukaa kwenye kabati lako, limefungwa kwa ufunguo, likiwa na jina lake. Kukaa na siri yako ni haki yako. Kulibadilisha kopo jina ni kitu kingine, naona kama ni kulionea aibu, na aibu hiyo najua umeitoa wapi.

Shangazi yako atakupigia kabla hujaondoka. Anajua. Usiniulize alijuaje, siku ile nilikuwa na mzigo mkubwa, na yeye ni dada yangu. Haikuwa yangu kusema. Akikuambia uache dawa ushike maombi, itikia kwa heshima, halafu meza. Yeye mwenyewe ana presha na kila asubuhi anaomba huku anameza.

Mabati bado. Usitume pesa ya mabati mshahara wa kwanza, wala wa pili. Fundi alikuja akapanda juu, akasema mbao mbili tu ndizo zimeoza, nami nikamwambia asubiri. Ndoo inatosha. Mdogo wako anataka chumba chako, nimemkatalia, ingawa jana nilimkuta kalala humo na vitabu vyako kavifunika kwa shuka ili visipate vumbi, nikafunga mlango taratibu. Ile feni yako imeacha kupiga kelele. Ilikuwa imelegea skrubu moja tu, miaka yote hii.

Vikombe nimevipanga upya. Kile cha bluu kiko pamoja na vingine sasa, na chai ya asubuhi nakinywea mimi.

Siku ya kuondoka tutakusindikiza wote, lakini ukifika pale pa ukaguzi usigeuke nyuma kwa ajili ya mama yako, ataanza kulia na hatanyamaza hadi nyumbani. Amekushonea mfuko ndani ya begi lako la mkononi, upande wa mgongoni, una zipu. Alichukua kipimo cha kopo lako la dawa siku uliyokuwa unaoga. La vitamini ni nene zaidi, tumelijaribu jana usiku, haliingii.

Baba yako