Hawapiki hesabu, wanangoja upepo ugeuke

Mhariri,

Msomaji aliyeandika juma lililopita kwamba wanasayansi wa kituo cha kupimia hewa kwenye mlima Mauna Loa, kule Hawaii, “wanapika hesabu” kwa kuacha vipimo vya mchana nje ya wastani wa hewa ya ukaa (kaboni dioksaidi), nadhani hajawahi kulala mlimani. Mimi nimelala, mara nyingi kuliko magoti yangu yanavyopenda kukumbuka, nikiwapandisha wanafunzi Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru.

Alfajiri kambini, moshi wa jiko la wapagazi hutambaa ukishuka bondeni. Vilele viko wazi kabisa. Jua likishaushika mteremko, ule moshi husimama kidogo kama uliosahau njia, halafu hugeuka na kuanza kupanda. Ikifika saa tano ukungu umeshatoka msituni na kutufunika. Kuna siku wakulima walikuwa wakichoma mabua, tukayanusa tukiwa juu kabisa ya mstari wa miti. Jioni mteremko hupoa, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, hurudi chini. Wavuvi wa pwani wana umande, ule upepo wa nchi kavu, wa kuwatoa asubuhi na upepo wa bahari wa kuwarudisha. Huku kwetu ni mlima, lakini anayesukuma ni jua lilelile.

Sasa weka mashine ya kupimia hewa hapo. Tunayo: kituo cha Idara ya Hali ya Hewa kiko kwenye mteremko wa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari. Usiku hupokea hewa inayoshuka kutoka juu, iliyosafiri mbali bila kupita jikoni kwa mtu. Mchana hupokea yetu sisi: mvuke wa mashamba, moshi wa kuni, kaboni monoksaidi ya magari. Ajabu ni kwamba hewa hiyo ya mchana, pamoja na uchafu wake wote, inaweza kuwa na hewa ya ukaa pungufu, maana imepita kwenye majani yaliyokuwa yakiinyonya tangu asubuhi.

Ndiyo maana Mauna Loa, kwenye mita 3,397, saa za upepo wa kupanda haziingizwi kwenye wastani. Ni kweli, ukiondoa vipimo vya chini wastani hupanda kidogo, na hapo msomaji wako ana haki ya kuuliza. Lakini hakutaja kwamba mlima ule ni volkano. Usiku mwingine upepo wa kushuka hubeba gesi ya matundu yaliyo juu ya kituo, kipimo kikaruka ghafla na kuyumbayumba, na saa hizo nazo huondolewa. Mtu anayetaka kuzidisha hesabu angezibakiza hizo kwanza!

Mwanasayansi Mmarekani Charles David Keeling alipoanza kupima pale mwaka 1958, hewa ya ukaa ilikuwa karibu sehemu 315 katika kila milioni. Leo imepita 420. Na Ncha ya Kusini, ambako hakuna msitu, na jua huchomoza mara moja tu kwa mwaka, mstari wa vipimo umepanda vivyo hivyo. Huko hakuna upepo wa mchana wa kulaumiwa.

Sisemi vipimo vya saa nane mchana vitupwe. Kwangu mimi ndivyo vyenye utamu zaidi, kwa sababu vinatueleza tunachokipeleka mlimani kutoka Nyeri na Nanyuki. Ila ni swali jingine, na ukichanganya maswali mawili kwenye wastani mmoja hupati jibu la lolote.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo: mkichapisha kipimo cha hewa kutoka mlima wowote, andikeni na saa kilipochukuliwa.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Naro Moru