Kahawia haulali: barua kwa mwanangu aliyefungua Landrova

Mwanangu,

Habari za huko Tanga? Sisi huku Lushoto hatujambo. Baridi imeshuka, na ule mpeasi wa karibu na zizi umebeba mwaka huu mpaka tawi limelala chini.

Juzi mkeo alinirushia picha, alitaka nimwone mjukuu wangu alivyorefuka. Nimemwona, na kweli amerefuka huyo mume wangu mdogo. Lakini unanijua. Niliikuza picha nikaanza kuangalia kilicho nyuma ya mtoto.

Boneti la Landrova liko wazi. Chaja imeng'ata betri, na betri yenyewe bado imefungwa garini kwa nyaya zake zote mbili. Ekstensheni imetokea dirishani, nusu yake imezungushwa kama kamba ya ng'ombe, na pale ilipoungwa na nyingine naona tepu nyeusi tu juu ya simenti iliyolowa. Dumu la njano liko kando ya mlango wa dereva, na najua dumu lile halibebi maji. Mtoto amesimama katikati ya hayo yote, ameshika tochi.

Sikulala vizuri. Nikikupigia simu utasema "sawa mama, nimekuelewa", basi yameisha. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Fundi alikuwa marehemu baba yako, hilo halina ubishi. Lakini kwa miaka 22 aliyoitengeneza gari ile pale uani kwetu, aliyeshika tochi alikuwa nani? Anayeshika tochi anaona mengi kuliko anayeshika spana, kwa sababu mikono yake haina kazi nyingine.

Kinachowaponza wanaotengeneza gari nyumbani ni kuuona umeme wa gari kama mchezo kwa sababu hauumi. Ni kweli hauumi. Volti 12 utazishika kwa mikono miwili usisikie kitu. Umeme wa soketi ukikugusa unakufunza adabu hapo hapo. Wa betri unakaa kimya. Lakini betri hiyo hiyo isiyoweza hata kukutekenya, ikipata njia fupi ya kurudi nyumbani kwake, inasukuma ampea mamia kwa mpigo mmoja, na chochote kilichoko njiani kinageuka kuwa jiko. Lile kovu la baba yako kwenye kidole cha pete alikudanganya kwamba ni la kwato ya ng'ombe. Ilikuwa pete. Alikuwa anafungua waya wa chanya, pete ikagusa kichwa cha betri na bati la gari kwa wakati mmoja. Sekunde moja, labda haikufika. Tuliitoa pete kwa sabuni na ngozi ikatoka nayo. Tangu siku hiyo kila jioni kabla ya kufungua boneti alinivisha pete yake, nikawa nashika tochi nikiwa na pete mbili.

Kwa hiyo ethi inatoka kwanza, mwanangu. Waya wa hasi ndio wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi. Ukianza na chanya wakati hasi bado iko bodini, spana yako ikiteleza ikagusa bati umeshapiga shoti. Ukianza na hasi, spana ikigusa bati hakuna kitu, maana bati na hasi ni kitu kimoja. Ukishautoa usiuache unaning'inia juu ya betri, ufunge pembeni kwa kamba usije ukarudi wenyewe. Baba yako alikuwa na desturi: kabla hajagusa waya wowote anauliza, "Mama, ethi?" Nami namulika betri, naangalia kwa macho, ndipo najibu, "Iko nje." Bila jibu langu haanzi. Usiku mmoja nilijibu bila kuangalia kwa sababu ya usingizi, na aliponigundua hakusema neno, akafunga boneti tukaenda kulala.

Sasa rangi. Gari yetu ni ya mwaka 1978 na nyaya zake zilifungwa kwa mpango wa Kiingereza, ambao niliukariri kama nilivyokariri majina ya kanga. Nyeusi ni ethi. Nyeupe huamka ukiwasha swichi. Kijani ni ile nyeupe iliyokwisha kupita kwenye fyuzi. Na kahawia haulali. Kahawia inatoka betrini moja kwa moja, funguo ikiwa mfukoni mwako au haiko, na njiani haina fyuzi ya kuisimamia. Gari limezimwa, mmelala, kahawia iko macho. Ukiona waya wa kahawia umekauka kama ganda la muwa au umechubuka pale unapopita kwenye tundu la bati kuingia ndani, usiufunge tepu ukasema utaurudia Jumamosi. Badilisha, na tundu ulivishe raba yake. Ile raba iliyokuwepo nina hakika imekwisha kuwa unga, maana hata mimi magoti yangu si ya 1978. Angalia pia nyuma ya dashibodi. Gari lile limelala bandani miaka minne na panya wa huku hawachagui chakula. Usiamini waya kwa kuuona nje tu. Ukunje kidogo, ukisikia unavunjika kama tambi, ujue ganda limekufa.

Halafu fyuzi. Turniboi wetu wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu sana ila aliamini karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara inatibu kila kitu. Fyuzi ilikatika tukishuka na kabichi kwenda Mombo, akaizungushia karatasi yake bila kusema, wipa zikafufuka, tukamsifu. Tulipofika kwenye zile kona za chini ya Soni moshi ulianza kutoka chini ya dashibodi. Fyuzi haiwekwi kulinda wipa, inawekwa kulinda waya. Inakubali kufa yenyewe ili waya usife, na ukiweka karatasi au msumari waya wote unakuwa fyuzi, tena umelala juu ya mguu wa dereva. Na kuna mtego mwingine hapa ambao hata mafundi wa mjini unawapita: zile fyuzi za kioo za Kiingereza zilizoandikwa 35 hukatika zikifika ampea 35, kazi yake ya kila siku ni 17. Za madukani siku hizi namba inayoandikwa ni ile inayobebwa bila kukatika. Ukinunua 35 ya leo umeweka mlinzi anayelala. Weka 15, ikizidi sana 20. Ikikatika tena tafuta mwizi, usiongeze namba.

Mkeo anasema umenunua taa mbili za ziada za kufunga mbele. Sina ugomvi na taa. Lakini taa mbili za wati 100 zinakula karibu ampea 17, na ile swichi ya zamani haikuzaliwa kwa kazi hiyo. Tumia rilei, ile swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili yenyewe ibebe mkubwa, na fyuzi yake iwe karibu kabisa na betri, siyo kule mwisho karibu na taa, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Taa kubwa zenyewe za gari yetu hazikuwa na fyuzi tangu mwanzo. Ukiwa umefungua hivyo, ziwekee.

Hili la choki nadhani hujawahi kusimuliwa, ulikuwa bado unanyonya. Baba yako alishusha giaboksi, kazi ya siku tatu, akairudisha vizuri. Betri kafunga, mimi na tochi yangu pembeni, akaingia akapiga stata. Injini ikajikokota kama imebanwa. Akapiga tena. Nikasikia harufu kama kandambili iliyoangukia jikoni. Namulika, naona kebo ya choki, ile ndefu inayotoka dashibodi mpaka kabureta, ganda lake linachuruzika na waya wa ndani umekuwa mwekundu kama kaa. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka na panga. Akaachia funguo, ikazima. Kabureta ilikuwa hatua mbili tu kutoka pale palipowaka, na imejaa petroli.

Alikuwa amesahau ule mkanda bapa wa ethi unaounganisha chesisi na injini. Injini imekaa juu ya raba, haijagusana na chesisi. Umeme wa stata, zaidi ya ampea mia, ulitaka kurudi betrini na mlango wake haupo, ukatafuta dirisha: kebo ya choki. Tuliukuta mkanda wenyewe ndani ya kopo la nati. Kwa hiyo nyaya za ethi usizione ndogo kwa kuwa ni nyeusi na hazina kitu. Na bodi la Landrova ni alumini. Ikikutana na chuma na shaba kwenye hewa ya chumvi ya hapo Tanga inaota unga mweupe na ethi inakufa pole pole. Kwangua mpaka ing'ae, na ikiwezekana kila taa ipe waya wake wa ethi mpaka kwenye chesisi.

Ukimaliza kuunganisha usirudishe ethi moja kwa moja ukaomba Mungu. Chukua balbu ya breki, ile ya wati 21, yenye waya mbili. Moja ifunge kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi wa gari, balbu iwe katikati kama askari getini. Kila kitu kikiwa kimezimwa balbu inatakiwa iwe giza. Ikiwaka kabisa, kuna shoti mahali, lakini hakuna kitakachoungua kwa sababu balbu haipitishi hata ampea mbili. Hapo unakwenda unachomoa waya mmoja mmoja bila haraka mpaka balbu izime, na uliyemchomoa mwisho ndiye mwenye kesi. Ukiwasha taa ndogo ya ndani na balbu ikatoa mwanga hafifu, hiyo siyo shoti. Stata usiiguse wakati huo. Baba yako aliwahi kukaa na balbu hiyo tangu alasiri mpaka isha, na kosa likawa skrubu moja ya taa ya nyuma iliyotoboa waya.

Nirudi kwenye picha. Betri ikichajiwa inatoa haidrojeni, na ikichanganyika na hewa kwa asilimia 4 tu inangoja cheche. Itoe betri garini, iweke mahali penye hewa. Ng'ata kwanza ndipo uwashe soketi. Ukimaliza zima soketi kwanza ndipo uachie. Ekstensheni ikunjue yote, waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto, na kile kiungo cha tepu kikate ukitupe. Dumu likae mbali, nje kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama ukungu wa bondeni na unaweza kuifuata cheche mpaka chumba cha pili. Na usisahau tangi la gari hili liko chini ya kiti cha dereva. Ukiwa umekaa pale umekalia petroli.

Nimesikia pia unataka kumwita fundi wa kuchomelea aje na mashine kwa ajili ya chesisi. Asichomelee gari likiwa na tangi, hata kama ni tupu. Tangi tupu lina mvuke, ni baya kuliko lililojaa. Litoke lote. Betri itoke na waya za altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, zitoke, na umeme wake asichukue kwenye soketi ya chumbani kwenu.

Mtungi wa zimamoto wa unga nunua kabla ya zile taa. Uweke mlangoni unapokimbilia, siyo ndani ya gari, na kila mwezi uugeuze juu chini uugonge-gonge, unga huwa unaganda. Petroli ikiwaka usimwage maji. Ikikuzidi toa watu, piga 114, gari acha.

Nimekutumia mzigo kwa basi la kesho asubuhi, salfeti yenye fundo jekundu. Juu ni mapeasi, msiyale yote siku moja. Chini, kwenye kitambaa, ni ile balbu ya baba yako na waya zake mbili, pamoja na spana ya betri. Mpini ameuvisha tyubu ya baiskeli ili isipige shoti ikianguka. Usiivue.

Mjukuu wangu asiondolewe kwenye tochi. Mfundishe tu jibu lake, na asikujibu mpaka ameangalia. Kisha mkeo anitumie picha nyingine. Nitaikuza.

Mama yako