Kabla ya kusaini zabuni, uliza nani alimlipa wakala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu matamko ambayo kampuni kubwa zimezoea kuyatoa kila mwaka, zikijigamba kwamba hazivumilii utumwa mamboleo, si kwao wala kwa wanaowauzia bidhaa. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimalizia idara ya ununuzi. Nimesimamia oda za sare na glavu, mikataba ya usafi na ya ulinzi, na matamko hayo nimeyaona yakipikwa tangu rasimu ya kwanza. Mengi ni karatasi tu.

Sheria zenyewe zilianza kwa kulegeza kamba. Uingereza ilipopitisha Sheria ya Utumwa Mamboleo mwaka 2015, kifungu cha 54 kilizitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 na zaidi kwa mwaka zieleze hatua zilizochukua. Lakini kifungu hichohicho kinairuhusu kampuni iseme haikuchukua hatua yoyote. Bodi ikapitisha, mkurugenzi akasaini, mambo yakaisha. Ufaransa ilikaza zaidi mwaka 2017 kwa kuzitaka kampuni kubwa ziwe na mpango wa tahadhari, yaani wa kubaini na kuzuia madhara kwa watu katika shughuli zao na za wanaowauzia, na kampuni isipofanya hivyo inaweza kufikishwa mahakamani. Ujerumani ina sheria yake ya mnyororo wa ugavi (yaani wote ambao bidhaa inapitia kwao mpaka imfikie mnunuzi) iliyoanza kutumika 2023, na Umoja wa Ulaya umeshaamua kuwa kuanzia Desemba 2027 bidhaa iliyotokana na kazi ya kulazimishwa isiuzwe katika soko lake. Nazipongeza zote. Hata hivyo, anayeamua bei na tarehe ya kupokea mzigo ni afisa ununuzi, na yeye hajaguswa sana.

Watu wakisikia utumwa wanawaza minyororo na mijeledi. Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya kulazimishwa. Kati yao, milioni 17.3 walikuwa kwenye sekta binafsi: mashambani, viwandani, kwenye ujenzi, majumbani na kwingineko, mbali na wanaotumikishwa kingono. Wengi wa hao hawafungwi kamba. Wapo wanaofungwa na deni. Mtu anaahidiwa kazi, wakala wa ajira anayemtafutia anataka ada, yeye anakopa, anafika anakuta mshahara si ule alioambiwa, na pasipoti imeshachukuliwa. Akiondoka, deni linabaki na ndugu aliyemdhamini. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba mfanyakazi asitozwe chochote na wakala, kwa njia ya wazi au ya kuzunguka. Nenda kaulize wangapi wanaufuata.

Nitoe mfano. Kampuni moja ya usafi iliomba zabuni kwetu, nikataka kuona hati za malipo za wafanyakazi wake. Mshahara ulikuwa umeandikwa safi kabisa, juu ya kima cha chini. Shida ilikuwa chini, kwenye makato: malazi, usafiri, sare, na mstari mmoja ulioandikwa "mengineyo". Hayo mengineyo yalikuwa kiasi kilekile kwa kila mtu, mwezi baada ya mwezi. Nikauliza ni nini. Nikajibiwa ni mkopo. Mkopo wa nini? Wa gharama za kumleta kazini. Yaani mtu amekopeshwa ili aje kumfanyia kazi aliyemkopesha, na haruhusiwi kuacha kazi mpaka amalize kulipa.

Pasipoti nazo zilikuwa kwenye kabati la chuma ofisini kwa msimamizi, "kwa usalama wao". Kila moja ilikuwa na fomu ya ridhaa. Fomu zote zilikuwa na tarehe moja na zimejazwa kwa mwandiko mmoja, sahihi tu ndizo zilizotofautiana. Nikasema, sawa, mfanyakazi mmoja aje achukue ya kwake tuone. Mwenye ufunguo, nikaambiwa, yuko likizo.

Kampuni hiyo ilikuwa na cheti cha ukaguzi. Ukaguzi ninaoujua mimi unatangazwa mapema, sakafu inapigwa deki, na mfanyakazi anahojiwa huku meneja akipitapita mlangoni. Funika kombe mwanaharamu apite. Jengo la Rana Plaza kule Bangladesh, lililokuwa na viwanda vya nguo, lilipoporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, baadhi ya viwanda mle ndani vilikuwa vimeshapitiwa na wakaguzi. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Wafanyakazi waliogopa kuingia, wakatishiwa mishahara yao, wakaingia. Huo uwezo wa mtu kusema hapana na bado akalipwa haumo kwenye fomu ya mkaguzi. (Namba ya simu ya malalamiko ndiyo kabisa: hubandikwa kwenye mlango wa meneja, kwa lugha ambayo nusu ya wafanyakazi hawaisomi.)

Hoja yangu kubwa ni bei. Chukua saa zinazohitajika kusafisha jengo, zidisha kwa kima cha chini cha mshahara, ongeza likizo na michango ya kisheria. Ukipata kiasi kinachozidi bei ya aliyeshinda zabuni, basi pengo hilo kuna mtu analiziba, naye si mwenye kampuni. Hesabu hiyo inafanyika kwa kikokotoo cha simu kabla chai haijapoa, lakini sijaona kamati ya zabuni ikiifanya bila kusukumwa. Inatafuta bei ya chini, inampigia makofi aliyeipata, halafu inamtumia karatasi ya maadili asaini. Ukichelewesha malipo miezi mitatu, au ukiongeza oda mara mbili wiki ya mwisho, mwenye kiwanda atatafuta vibarua kwa wakala wa uchochoroni, na wewe hutawajua.

Kinachosaidia kinajulikana. Gharama ya kuajiri ilipwe na mwajiri, iandikwe kwenye mkataba, na mnunuzi akubali kwamba bei itapanda kidogo kwa sababu hiyo. Ikigundulika wafanyakazi walitozwa, warudishiwe fedha zao, mtu kwa mtu, kwa risiti au bila risiti, maana wakala wa namna hiyo hatoi risiti. Kukata mkataba haraka na kukimbia kunaipendeza idara ya mawasiliano, lakini mfanyakazi anabaki na deni na kazi hana. Kata mkataba pale tu mwenye kiwanda anapokataa kurekebisha.

Na kabla ya kusafirisha wakaguzi kwenda mbali, kampuni zianzie kwao. Kikulacho ki nguoni mwako. Mlinzi wa lango la makao makuu, mfagizi wa ghorofa ya wakurugenzi na mpishi wa kantini kwa kawaida wameajiriwa na mkandarasi, pengine na mkandarasi wa mkandarasi. Wanapita mbele ya mkuu wa ununuzi kila asubuhi. Awaombe, kwa hiari yao na bila msimamizi kuwepo, wamwonyeshe hati ya malipo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kampuni ikileta tamko lake lichapishwe, mwandishi wako aulize nani alimlipa wakala, pasipoti ziko wapi, na bei waliyolipa inatosha mishahara ya watu wangapi. Wakijibu kwamba hayo yako kwa mkandarasi, awaombe jina la mkandarasi.

Wako,
Afisa ununuzi mstaafu