Barua kwa Zuhura: Confucius hakutunga mtihani

Morogoro

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, mama naye anaendelea vizuri na anakuulizia. Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili, na kuna neno lako moja ambalo siwezi kuliacha lipite: kwamba watoto wa China wanakariri usiku na mchana kwa sababu Confucius, yule mwanafalsafa wao wa kale, aliwafundisha kutii na kunyamaza. Wewe mwalimu, mimi mwalimu, na yule mzee naye kazi yake ilikuwa ualimu. Naona tunamdhulumu.

Alizaliwa mwaka 551 KK katika dola la Lu, karibu na mji wa Qufu, mkoa wa Shandong wa leo. Zama hizo elimu ilikuwa ya watoto wa wakuu. Yeye akasema mafundisho hayabagui tabaka, akampokea hata aliyekuja na fungu la nyama kavu tu kuwa ndiyo ada yake. Maneno yake yalikusanywa na wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, katika kitabu kiitwacho Lunyu. Ukikisoma unasikia darasa kabisa: huyu anauliza, yule anabisha, mwalimu anakemea, kisha anasifu.

Kuna kisa kimoja humo ambacho kimenikaa moyoni. Mwanafunzi aitwaye Zilu alimwuliza: nikisikia jambo jema, nilitende papo hapo? Akajibiwa: baba yako na kaka zako wangali hai, utalitendaje bila kuwasikiliza? Akaja Ran You na swali lile lile, naye akaambiwa: ndiyo, litende papo hapo. Gongxi Hua, aliyesikia majibu yote mawili, akachanganyikiwa na kuomba aelezwe. Mwalimu akasema: Ran You ni mtu wa kusitasita, ndiyo maana nilimsukuma, Zilu ana nguvu za watu wawili, ndiyo maana nilimzuia.

Zuhura, kisa hiki kingestahili kubandikwa ukutani katika kila chuo cha ualimu. Swali moja, majibu mawili, na yote ni sahihi kwa sababu mwalimu anawajua watu wake. Na kuhusu huo utii unaousema: mwanafunzi aliyempenda kuliko wote alikuwa Yan Hui, fukara aliyekufa angali kijana, na mwalimu akamlilia hadi wenzake wakaona amezidi. Hata huyo kipenzi, mwalimu alimlalamikia kwamba hamsaidii kitu, kwa kuwa kila asemalo mwalimu yeye hulifurahia tu. Tena alisema akimwonyesha mtu pembe moja ya jambo, na mtu huyo asirudi na zile tatu zilizobaki, somo halirudii. Kusoma bila kufikiri ni kupotea, alisema, na kufikiri bila kusoma ni hatari. Sasa huyu ndiye wa kulaumiwa kwa kukaririsha?

Waliomfuata hawakukubaliana hata wao kwa wao. Mencius alishikilia kwamba asili ya mtu ni njema: yeyote akimwona mtoto anakaribia kutumbukia kisimani hushtuka na kumhurumia, asitafute sifa wala malipo, basi elimu ni kukilea kilichomo tayari. Xunzi akakataa katakata. Mtu, kwake, huzaliwa na tamaa, na kinachomnyoosha ni masomo na adabu. Ubishi huo naukuta kila muhula katika ofisi yetu ya walimu, wengine wakisema mtoto apewe nafasi, wengine wakisema asipobanwa haendi, na hakuna anayejua kwamba wanazungumza kama Wachina wa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Kukariri kulitoka wapi basi? Kulikuja na serikali. Mwaka 124 KK Mfalme Wu wa ukoo wa Han alifungua chuo cha kuwaandaa maofisa kwa vitabu vya wafuasi wa Confucius, kikiwa na wanafunzi 50. Mwanzoni mwa karne ya 7, chini ya ukoo wa Sui, ukaanza mtihani wa kuwapata maofisa, ukaendelea, kwa kukatikakatika, hadi ulipofutwa mwaka 1905. Ulikuwa na haki yake, lazima tukiri. Zama za ukoo wa Song, miaka elfu moja iliyopita, jina la mtahiniwa lilifunikwa, na makarani wakanakili majibu upya ili msahihishaji asiutambue hata mwandiko. Mtu asiye na mjomba serikalini aliweza kupanda.

Lakini wanawake hawakuruhusiwa kabisa, na maskini gani angemlisha kijana miaka yote hiyo akiwa vitabuni tu? Halafu mwaka 1313 ikaamriwa kwamba Vitabu Vinne vya mafundisho ya Confucius, Lunyu kikiwa kimojawapo, na maelezo ya mwanachuoni Zhu Xi juu yake, ndivyo viwe msingi wa mtihani. Hapo ndipo mzee aliyetoa majibu mawili kwa swali moja alipogeuzwa kuwa jibu moja kwa watu wote. Baadaye hata insha ilipangiwa sehemu nane zisizobadilika. Kule Nanjing vilijengwa vyumba vya mtihani zaidi ya 20,000, vidogo mno, na mtu alifungiwa humo na chakula chake na brashi yake. Wengi walizeeka wakirudia. Hong Xiuquan alishindwa mara kadhaa, akaugua, akaona maono, na baadaye akaongoza uasi wa Taiping wa 1850 hadi 1864, ulioua mamilioni ya watu.

Wala usidhani mambo hayo yako mbali nasi. Waingereza walipobishana karne ya 19 kuhusu kuajiri maofisa kwa mtihani wa ushindani, mfano wa China ulitajwa sana, na mitihani yetu sisi ilikuja na Waingereza hao hao.

Wachina wenyewe walimchoka Confucius. Vijana wa 1919 walimwona kizuizi cha sayansi na demokrasia, na mwaka 1966 Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao Zedong, walikwenda Qufu wakafukua makaburi ya ukoo wake. Mwaka huo huo mtihani wa kuingia chuo kikuu ulisimamishwa. Uliporudi Desemba 1977, walijitokeza watu wapatao milioni 5.7, wengi wakitoka mashambani na viwandani walikopelekwa, kugombea nafasi kama 270,000. Nikiwafikiria hao siwezi kuuchukia mtihani. Kwao ulikuwa mlango pekee ambao hakuna ofisa wa kijiji angeweza kuufunga kwa kinyongo.

Siku hizi mtihani huo hufanywa kila Juni, na mwaka 2024 walijiandikisha zaidi ya milioni 13. Wazazi walikuwa wakimaliza mishahara kwenye tuisheni, hadi serikali ikapiga marufuku mwaka 2021 tuisheni za biashara katika masomo ya shule kwa watoto wa elimu ya lazima. Mafundisho ya Confucius ya kuwaheshimu wazazi nayo yameingia kwenye sheria: tangu Julai 2013, anayeishi mbali na wazazi wake wazee anatakiwa awatembelee au awajulie hali mara kwa mara. Mama alipolisikia hili alifurahi sana, akataka niwasomee wadogo zangu wote!

Nina ombi moja. Kwenye kikao chenu cha walimu kijacho, wasimulie kisa cha Zilu na Ran You, usitaje kimetoka wapi, kisha waulize kama katika darasa la wanafunzi 70 mwalimu anaweza kumjua nani wa kusukuma na nani wa kuzuia. Mimi naamini anaweza kuwajua wengi kuliko tunavyojiambia. Niandikie walivyojibu, hasa yule mwalimu wenu wa hisabati.

Wasalimie watoto na baba yao.

Wako akupendaye,
Neema