Kwanza Tuonyeshe Kifaa Chako: Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti

Ndugu wanachama,

Tulipanga mazungumzo 12 na watu wa kazi za ubunifu, yakafanyika 12, yakabaki 11. Hilo moja nitalieleza, maana kosa lilikuwa letu. Hesabu atazisoma mweka hazina; langu ni kusema tu kwamba hatudaiwi na mtu.

Badiliko kubwa la mwaka huu lilikuwa swali moja. Miaka yote tumefungua mazungumzo kwa "kipaji chako ulikigundua lini?" au "ni nini kinachokusukuma?" Nanyi majibu yake mnayajua: tangu utotoni, ni wito, nawashukuru wazazi. Ungeweza kulichukua jibu la mshairi ukalibandika kwa mpiga ngoma, na msikilizaji asishtuke. Safari hii tukasema: tuonyeshe kifaa ambacho mtu akikigusa bila ruhusa mtagombana.

Mshonaji hakusita hata kidogo. Alitoa mkasi uliofungwa utambaa mwekundu mpinini. Utambaa ule ni onyo kwa watu wa nyumbani kwake: mkasi huu haukati karatasi, kwa sababu karatasi hula makali, na mkasi butu hukitafuna kitambaa. Kutoka hapo akaingia kwenye hariri inavyoteleza mezani, akaingia kwenye ukataji wa mshazari, mwisho akafika kwenye gauni aliloliharibu akiwa mwanagenzi na mahali alipolificha. Dakika 40 zilipita, nasi tumeuliza maswali manne tu.

Mfinyanzi tulidhani atalisifia gurudumu lake. Yeye akachomoa mfukoni kadi ya plastiki iliyokwisha muda, aliyoikata kona zikawa za duara. Hiyo ndiyo anayolainishia tumbo la chungu. Akatueleza kwamba udongo hunywea ukikauka, kisha hunywea tena tanurini, hivyo muda wote mikono yake inafinyanga chungu kimoja huku macho yakikiona kingine, kidogo zaidi, ambacho bado hakijakuwapo. Habari za mapenzi yake kwa kazi hatukumuuliza. Zilikuja zenyewe.

Kuna wajumbe wa kamati waliosema maswali ya vifaa ni ya karakana na yanashusha hadhi ya sanaa. Nilibishana nao na sijaacha. Mwongozaji filamu Mfaransa François Truffaut alipomhoji mwongozaji mwenzake Alfred Hitchcock mwaka 1962, alikaa naye karibu wiki nzima, mkalimani Helen Scott akiwa kati yao, wakiipitia filamu moja baada ya nyingine. Katika mazungumzo hayo ndimo tulimojifunza kwamba glasi ya maziwa inayong'aa gizani, ikipandishwa ngazini kwa mke anayehofia kupewa sumu, ilitiwa taa ndani yake. Jambo hilo ni la fundi mitambo, sikatai. Lakini ukishalijua unaelewa vizuri zaidi jinsi yule bwana alivyoyaongoza macho ya watazamaji kuliko angekuhutubia saa nzima juu ya hofu.

Maandalizi yetu hayakuwa sawa kila mahali. Mchoraji mmoja alisema hashiki penseli nyingine ila ya 4B, iliyo laini na nyeusi. Kwa bahati mhoji wetu alikuwa amesoma: mwaka 1795 Nicolas-Jacques Conté alipata hataza ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo na kuuchoma, kwa kuwa vita vilikuwa vimeinyima Ufaransa grafiti safi ya Uingereza. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu. Ukipungua, huwa laini na nyeusi. Mchoraji akacheka, akasema kumbe yeye na mfinyanzi wana undugu. Mhoji mwingine, ambaye nitamstahi, alimuuliza mpiga fidla habari za vile vyuma vinavyokatiza shingoni, kama vya gitaa. Fidla haina. Mgeni alijibu kwa adabu, ila baada ya hapo majibu yake yakawa mafupi.

Sasa lile lililopotea. Mchongaji alizungumza nasi saa mbili, na sehemu kubwa aliisema huku akinoa patasi. Kinasa sauti kilizima dakika ya tisa kwa betri, na hakuna aliyekuwa amevaa vipokea sauti masikioni. Tumemwomba radhi. Amekubali kurudia, ingawa ametuonya kwamba hadithi ikisimuliwa mara ya pili huwa imekwisha kupigwa randa. Kuanzia sasa tunakwenda na vinasa viwili, na mtu mmoja kazi yake ni kusikiliza tu.

Tulipokea pia lalamiko moja, na lilikuwa la haki. Mwanachama alipiga picha ya kazi isiyokamilika akaisambaza. Kazi ikiwa bado mezani, mwenyewe ndiye mwenye kauli. Ridhaa itaombwa kwa maandishi, tena kabla ya mazungumzo.

Suala la akili mnemba lilijitokeza karibu kila kikao, na karibu kila kikao tuliondoka na mabishano yaleyale. Napendekeza tulitengee siku yake.

Mwakani kamati inataka kuwasikiliza wasioitwa jukwaani: mhariri, fundi wa sauti, mtengeneza ala. Tunahitaji wahoji wapya watatu, ikiwezekana watu wanaovumilia ukimya.

Kinasa cha pili nilichokitaja bado kiko kwa mwanachama mmoja tangu mwezi wa nne. Anajijua. Naomba kirudi na waya wake.