Kaunti zisipewe ruhusa ya kulegeza ulinzi wa maji

Mhariri,

Nimesoma maoni ya msomaji mwenzangu aliyezipongeza kaunti za magharibi mwa Marekani kwa kuikatalia serikali kuu isizipangie namna ya kuchimba mafuta na gesi. Anasema wenye mahali ndio wanaojua shida za mahali. Mimi ni mtu wa Kenya, nimeuona ugatuzi ukizaliwa na Katiba ya 2010, na hoja hiyo naikubali kwa zahanati, masoko na barabara. Kwa upasuaji wa miamba ili kutoa mafuta na gesi (fracking) siikubali hata kidogo. Naishi Greeley, makao makuu ya Kaunti ya Weld, inayoongoza jimbo zima la Colorado kwa mafuta.

Wakongo, Wasomali na Wakenya tuko wengi hapa, kwa sababu ya kiwanda cha nyama. Ukienda kazini unapita kando ya kuta ndefu za rangi ya mchanga zilizozungushiwa mitambo ili kupunguza kelele. Nyuma ya kuta hizo, maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali yanasukumwa kwa nguvu hadi karibu kilomita mbili chini ya ardhi, mwamba unapasuka, mafuta yanatoka. Kisima kinapita katikati ya maji ya ardhini, na kinachozuia vitu hivyo viwili visikutane ni bomba la chuma na saruji iliyomiminwa kulizunguka. Saruji isiposhika vizuri, anayeishi juu hana namna ya kujua.

Mwezi Machi 2015, serikali ya Rais Obama ilitoa kanuni kuhusu jambo hilihili. Iliyataka makampuni yathibitishe kwamba saruji imeshika, yataje kemikali ndani ya siku 30 baada ya kazi kwisha, na maji machafu yanayorudi juu yahifadhiwe kwenye matangi badala ya mashimo ya wazi. Basi. Tena ilihusu ardhi ya umma na ya makabila ya Wenyeji wa Marekani peke yake. Serikali ilikadiria gharama yake kuwa dola 11,400 hivi kwa kisima, chini ya robo ya asilimia moja ya gharama ya kukichimba. Kwa kiasi hicho, majimbo ya Wyoming, Colorado, Utah na North Dakota yalikwenda mahakamani pamoja na wenye makampuni, na viongozi wengi wa kaunti wakawaunga mkono. Juni 2016 jaji wa Wyoming aliitupa kanuni, akisema Bunge liliuondoa upasuaji huu mikononi mwa serikali kuu kwa sheria ya nishati ya 2005, isipokuwa dizeli inapotumika. Desemba 2017 serikali ya Trump ikaifuta kabisa.

Wyoming ina haki ya kujivunia kwamba ililazimisha kemikali zitajwe tangu 2010, kabla ya Washington kuamka. Lakini kama jimbo lako tayari linafanya vema, kanuni ya taifa inakunyima nini? Anayeumizwa nayo ni yule asiyefanya.

Msomaji mwenzangu hakugusia suala la fedha. Karibu nusu ya mrabaha wa mafuta ya ardhi ya umma hurudi kwenye majimbo. Hapa Weld, sehemu kubwa ya kodi ya mali inatoka kwenye visima, na kaunti inajisifu kwamba haina deni. Mwaka 2021 serikali kuu ilipoijumuisha kaunti yote kwenye eneo ambalo ozoni hewani, gesi inayoumiza mapafu, imezidi kiwango, makamishna wetu walikwenda kortini kupinga. Sidhani walikuwa wanaitetea pumzi ya mtu yeyote.

Kuna shule hapa iitwayo Bella Romero. Visima vilipangwa kwanza karibu na shule nyingine, yenye watoto wa wenye uwezo zaidi. Wazazi wakapinga, mpango ukaachwa. Visima 24 vikapangwa badala yake nyuma ya uwanja wa kuchezea wa Bella Romero, ambako wengi ni watoto wa Walatino na wahamiaji. Makamishna wa kaunti wakaridhia mwaka 2016, na mwaka uliofuata jimbo nalo likaridhia. Hao ndio wenye mahali tunaoambiwa wanatujua.

Na mji ulipotaka kujilinda zaidi? Wapiga kura wa Longmont, jirani zetu, walipiga marufuku upasuaji huu mwaka 2012. Sekta ya mafuta ikaushtaki mji, na Mei 2016 Mahakama ya Juu ya Colorado ikaifuta marufuku. Sekta ileile inayotetea mamlaka ya mahali mbele ya Washington iliyakanyaga ya Longmont.

Ninachotaka ni Bunge la Marekani liondoe msamaha wa 2005, liweke kiwango cha chini cha taifa kuhusu saruji, kemikali na maji machafu, na kila kaunti au mji uwe huru kukaza juu ya hapo, bila ruhusa ya kulegeza. Wenzangu wa Weld mliokwisha pata uraia, makamishna ni watano na wanachaguliwa kwa kura. Waulizeni kabla ya uchaguzi ni kwa nini wanapinga kupimwa kwa saruji, na mtuandikie hapa wanachowajibu.

Msomaji wenu,
Greeley, Colorado