Barua kwa mwanangu anayekwenda Kigali kufundisha mpira

Mwanangu mpenzi,

Mama yako ameniambia kwamba umekwisha kutia saini na kwamba Jumamosi unaondoka kwenda Kigali kuwa kocha msaidizi. Nimefurahi sana, ingawa habari hiyo ilistahili kunifikia kutoka kinywani mwako. Swali langu hukulijibu: kifungu cha kuvunja mkataba kinasemaje?

Nauliza kwa sababu ya Ernie Brandts, beki wa kati kama wewe, ambaye naye alipitia Kigali akiifundisha APR kabla ya kuja kwetu Yanga mwaka 2012. Wewe ulimjua akiwa kocha. Mimi nataka umjue pia kama mchezaji. Juni 21, 1978, Uholanzi ilipokutana na Italia katika Kombe la Dunia kule Buenos Aires, alijifunga mapema kipindi cha kwanza, na katika purukushani hiyo hiyo akamuumiza kipa wake, Piet Schrijvers, hata ikabidi atolewe. Beki mwingine angekaa nyuma akiogopa mpira hadi filimbi ya mwisho, lakini yeye, dakika chache baada ya mapumziko, alipanda mbele, mpira ukamkuta nje ya boksi, akaachia shuti kali lililojaa wavuni. Arie Haan akaongeza la pili, na Uholanzi ikaingia fainali.

Mchezaji hupata nafasi ya kusahihisha kosa lake siku ile ile. Kocha hupewa nafasi hiyo na viongozi, na wao wasipotaka, hana la kufanya. Brandts alitupa ubingwa, na Mei 18, 2013 tukaufungia msimu kwa kuwafunga Simba 2-0. Oktoba tuliongoza 3-0 hadi mapumziko, watani wakarudisha yote. Desemba 21 wakatufunga 3-1 katika Nani Mtani Jembe, mechi ambayo haikuwa hata ya ligi, na siku chache baadaye akafungashiwa virago, Yanga ikiwa inaongoza msimamo. Sisi tulioliimba jina lake mwezi Mei tulinyamaza.

Kwa hiyo usiniambie kwamba viongozi wa huko ni watu wazuri. Nataka kujua utalipwa miezi mingapi wakikuondoa, nani atalipa nauli ya kurudi, na kama kocha mkuu akiondoka wewe utabaki au mtaondoka pamoja. Hayo yawe kwenye karatasi.

Kazi yenyewe sina wasiwasi nayo. Nilikuona ukimshika mabega yule kijana wa pembeni kushoto, ukamgeuza kidogo ili aone mpira na mtu wake kwa wakati mmoja, nikajua una jicho la ualimu. Ila unafoka mno mbele ya watu. Mchezaji aliyekosea mwite kando. Na diploma yako ya ukocha usiiache hapo ilipofikia.

Basi nipigie picha ukurasa huo wa mkataba, unitumie kabla hujapanda basi. Chumba chako tutampa mdogo wako, kwa kuwa upande wake bati linavuja na fundi hawezi kuja kabla ya mwisho wa mwezi. Viatu vyako vya zamani anavitaka. Sema kama tumpe. Ada yake nitailipa mimi muhula huu, hivyo mshahara wako wa kwanza uwe wa kodi yako huko.

Baba yako